Barua ya wazi kwa viongozi wa Simba: kukabia juu hakununuliwi dirishani

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mwenyekiti wa Klabu, Mtendaji Mkuu na wajumbe wote mnaokaa nao meza moja,

Salaam.

Mimi ni mwanachama wa kawaida, wa kadi na ada, wa kukaa jukwaa la mzunguko na kurudi Mbagala usiku nimesimama ndani ya daladala. Sijaja kuomba kocha afukuzwe. Sina jina la straika mfukoni. Nimekuja na jambo moja ambalo nimelitazama kwa misimu kadhaa na sasa limenifika shingoni: safari ya timu yetu kutoka mpira wa kupokea na kusubiri kwenda mpira wa kukabia juu, yaani kumbana mpinzani hukohuko karibu na goli lake, na jinsi safari hiyo inavyoanzishwa upya kila inapoanza kuonekana.

Niwaeleze kwanza ninachokiona mimi, kwa sababu kule jukwaa kuu labda hakionekani vizuri.

Msimu wa 2024/25 mechi nyingi za nyumbani tulichezea KMC Complex pale Mwenge. Uwanja ni mdogo, ukikaa chini unamsikia mchezaji anavyohema. Mpinzani anarudisha pasi kwa kipa wake. Mshambuliaji wetu anachomoka, mita kama ishirini, anakimbia kwa mkunjo ili amfungie kipa upande wa kulia na kumlazimisha apige kushoto. Kazi ya darasani kabisa. Kipa anapiga kushoto kama alivyotakiwa. Sasa tazama wengine. Winga wa upande ule ameondoka akiwa amechelewa, sekunde moja tu. Kiungo aliye nyuma yake bado amesimama, mikono kiunoni. Mabeki wa kati wamebaki chini, wanaogopa mpira utakaopita juu ya vichwa vyao. Beki wa mpinzani anatuliza, anainua kichwa, anaona uwanja mzima katikati yetu, anapiga pasi moja na watu wetu watano wameshapitwa. Mshambuliaji anageuka, anatandaza mikono. Jukwaa linamzomea yeye.

Nimeliona tukio hilo mara nyingi, na wachezaji tofauti, chini ya makocha tofauti. Jina la mchezaji silitaji kwa sababu kosa halikuwa lake.

Kukabia juu ni kama kuvuta juya, ule wavu mrefu wa kuvulia. Watu wa Kunduchi wanajua: upande mmoja ukilegea, samaki wanapita hapohapo, hata kama upande wa pili wanavuta mpaka mishipa inawatoka. Mtu mmoja akikimbia peke yake hajakaba, amechoka tu. Na uwanja una urefu wa mita 105. Kama mshambuliaji wetu yuko kwenye boksi la mpinzani na mabeki wetu wako kwenye boksi letu, kuna mita zaidi ya sabini za kuchezea mpira kati yao. Arrigo Sacchi alipoichukua AC Milan mwaka 1987, alihangaika na jambo hilihili: umbali kati ya mtu wa mbele na mtu wa nyuma usizidi mita 25 au 30, mpira uwe wapi, uwe wapi. Alirudia zoezi hilo mpaka wachezaji wakachoka naye. Mwaka 1989 na 1990 walibeba Kombe la Ulaya.

Kwa hiyo kila mtu lazima ajue ishara. Pasi ya kurudi nyuma, ondoka. Beki wa pembeni amepokea akiangalia mstari wake, ondoka. Mtu ametuliza mpira ukamruka mguuni, ondoka. Mshambuliaji akiondoka, winga anaondoka, kiungo anapanda kumkamata kiungo wao, mabeki wanasogea hadi karibu na mstari wa kati, na kipa anatoka golini kwake kufagia mipira mirefu. Mmoja akisahau, wengine kumi wamekimbia bure. Haya hayaingii mwilini kwa kikao cha video cha wiki moja. Yanaingia kwa mazoezi yaleyale, na watu walewale, miezi na miezi.

Hapo ndipo ninyi viongozi mnapoingia.

Nirudi nyuma kidogo. Tulikuwa na miaka mizuri, miaka ya pira biriani, mpira mtamu wa pasi. Ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Nani amesahau Februari 23, 2021, Luis Miquissone akiwafunga Al Ahly, mabingwa wa Afrika wakati ule, moja bila pale Uwanja wa Mkapa? Chama, Luis, Rally Bwalya: mpira ulikuwa unakaa kwetu, na timu inayokaa na mpira haina shida sana ya kuutafuta. Ndiyo maana hatukujifunza kuutafuta. Mwezi Mei mwaka uleule tulikwenda Johannesburg tukala nne za Kaizer Chiefs. Kwa Mkapa tukawarudishia tatu, hazikutosha. Mimi niliitazama ile mechi ya kwanza na kuona timu ambayo ikipoteza mpira inarudi nyuma kwa miguu, inasubiri mpinzani akosee. Siku mpinzani asipokosea, huna jibu.

Kisha Luis akaenda Al Ahly, Chama akaenda Berkane ya Morocco. Biriani likabaki jina.

Tangu hapo kila kocha aliyekuja aliambiwa, au alijiambia, kwamba timu lazima ikabe zaidi. Sasa hesabuni nami. Patrick Aussems aliondoka Novemba 2019. Baada yake wamekuja Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids, Dimitar Pantev na Steve Barker. Hao ni tisa mpaka Desemba 2025, na sijamtaja Juma Mgunda ambaye mara mbili aliitwa kuziba pengo na mara zote mbili akaziba bila kulalamika. (Mgunda anastahili barua yake mwenyewe. Siku nyingine.) Mbelgiji, Mfaransa, Mhispania, Mserbia, Mbrazili, Mwalgeria, Waafrika Kusini wawili, Mbulgaria. Kila mmoja na mpira wake, kila mmoja na mkabaji anayemtaka, kila mmoja na mtu wake wa viungo. Najua baadhi yao waliondoka wenyewe. Sven aliondoka ametupeleka hatua ya makundi Afrika, Zoran alikaa miezi michache akapata ofa. Sisemi mliwafukuza wote. Nasema walipoondoka, kwa mlango wowote ule, mlianza upya, na kuanza upya huko ni uamuzi wenu.

Nichukue mfano mmoja unaouma. Oktoba 20, 2023 tulifungua African Football League kwa Mkapa, sare ya 2-2 na Al Ahly, tukatembea vifua mbele. Siku 16 baadaye, uwanja uleule, mtani wetu Yanga akatupiga 5-1. Nawaomba muikumbuke ile mechi kwa dakika, achaneni na matani. Mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne yaliingia kati ya dakika ya 64 na ya 87. Timu ya Gamondi, kocha wao, haikuja na ufundi mpya kipindi cha pili. Iliendelea kukimbilia kila mpira wetu wa kwanza, na sisi pumzi ikakata, mistari ikaachana, kila tulipopokonywa tulikuwa tumetawanyika. Lile lilikuwa somo la kukabia juu lililofundishwa bure mbele ya watu elfu sitini.

Tukafanya nini? Wiki hiyohiyo Robertinho akaondoka. Sina hakika kama kuna mtu aliyeuliza kwa nini timu nzima, siyo kocha, ilikuwa haiwezi kukimbia kwa mpangilio baada ya saa nzima ya mchezo. Aliyefuata, Benchikha, alitaka timu ikae chini, ishikane, itoke kwa kaunta, mashambulizi ya kushtukiza. Ni mpira halali kabisa. Lakini ni kinyume cha kile wachezaji walichokuwa wameanza kufundishwa, na kufikia Aprili 2024 naye hakuwepo.

Halafu akaja Fadlu, Julai 2024. Huyu nitakaa naye kidogo.

Alitoka Raja Casablanca, alikuwa msaidizi wa Josef Zinnbauer, Mjerumani, kwenye msimu ambao Raja walichukua ubingwa wa Morocco bila kupoteza mechi hata moja. Mlijua mnamleta nani. Mkampa kikosi karibu chote kipya, vijana, mkampeleka kambini Ismailia, Misri. Sijawahi kuwapongeza kwa maandishi, basi nawapongeza hapa: ule ulikuwa usajili uliofanana na wazo. Mpanzu, Ahoua, Mutale, Kagoma, Mukwala, watu wa kukimbia. Kibu Denis, ambaye mitaa yote inamhesabia mabao, hatimaye alipata timu inayohesabu pia mipira anayoipokonya.

Ilikwenda polepole. Mwanzoni tulikuwa tunakaba juu dakika ishirini, halafu tunashuka kama tumeambiwa. Tukijaribu kutoka nyuma kwa pasi, roho mkononi. Mnakumbuka Babati, na Fountain Gate, Chasambi akirudisha mpira kwa kipa kutoka mbali na ukaingia golini kwetu. Kijana wa watu alitukanwa mitandaoni wiki nzima. Timu inayojifunza kucheza mpira huu hufungwa mabao ya aina hiyo. Ni ada ya shule.

Lakini Aprili 2025, kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, tukaona kitu. Al Masry walikuwa wametufunga 2-0 kule Misri. Marudiano kwa Mkapa, tulirudisha yote mawili kabla ya mapumziko, Mpanzu kisha Mukwala, na tukapita kwa penalti 4-1. Mnaopenda penalti mtamkumbuka Moussa Camara. Mimi nakumbuka zile dakika 45 za kwanza. Waarabu hawakupata pasi tatu za kutulia. Mpira ukienda kwa beki wao wa kushoto, wekundu watatu tayari wako pale. Mabeki wetu walikuwa wamesimama karibu na duara la kati, mahali ambapo miaka mitatu nyuma wangeogopa hata kupita. Niliyekaa naye, mzee mmoja wa Temeke asiyejua maneno haya ya kisasa, alisema tu: leo wanakaba kama wana deni.

Tukaenda fainali. Kule Berkane, dakika ya 14 tulikuwa tumeshafungwa mawili, na hapo tulionyeshwa kwamba kuna watu wanaofanya jambo hili kwa miaka na wamelishika kuliko sisi. Marudiano Zanzibar, pale Amaan, Mutale alifunga dakika ya 17. Tuliwabana hadi kadi nyekundu ya Kagoma mwanzoni mwa kipindi cha pili. Ukiwa kumi huwezi kukabia juu kwa muda mrefu, hesabu inakataa. Wakasawazisha dakika za nyongeza.

Kwenye ligi tulimaliza na pointi 78, mtani 82. Na kwa sababu hatukumfunga mtani, mjini hapa msimu ule uliitwa wa hasara. Fainali ya Afrika, timu mpya, vijana, mpira unaoanza kueleweka, lakini redioni asubuhi hadi jioni: Fadlu hawezi dabi. Septemba 2025 akapoteza Ngao ya Jamii kwa bao moja na kabla wiki haijaisha akarudi Raja, safari hii kama kocha mkuu. Ni haki yake. Mtu akiitwa kwenye kazi kubwa, anakwenda.

Swali langu linahusu kilichobaki baada ya yeye kuondoka. Mazoezi yake yamehifadhiwa wapi? Takwimu za mbio za kila mchezaji zipo ofisini kwetu, au ziliondoka na benchi lake la ufundi kwenye kompyuta zao? Nani pale klabuni angeweza siku ya pili yake kusimama mbele ya wachezaji na kusema, tunaendelea tulipoishia? Kabla hata Fadlu hajaondoka, mlikuwa mmeshawaachia Mohamed Hussein, nahodha wetu aliyekuwepo tangu 2014, na Che Malone. Mmoja alikuwa beki wa pembeni anayejua lini apande, mwingine beki wa kati mwenye mbio za kulinda nyuma mstari ukiwa juu. Kwenye karatasi mliondoa mabeki wawili na kuleta mabeki wengine. Kwenye mpira huu mliondoa nusu ya mstari wa nyuma uliokuwa umezoeana, na mstari huo ndio unaowapa watu wa mbele ujasiri wa kwenda.

Ya Pantev sitayarefusha. Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba, cheo cha Meneja Mkuu, vipigo viwili vya makundi ya Afrika kutoka kwa Petro de Luanda na Stade Malien, kwaheri. Hata yeye sidhani alielewa alikuja kujenga nini.

Najua jibu lenu, kwa sababu ndilo jibu la kila kijiwe: mbona Yanga walibadilisha makocha watatu msimu uleule wa 2024/25, Gamondi, Ramović, Hamdi, na bado wakachukua ubingwa? Hoja nzuri. Nimeifikiria sana kwa sababu inaniudhi. Tazameni majina ya wachezaji. Diarra, Job na Aucho wote walikuwepo tangu 2021. Bacca, Mudathir, Maxi, Pacome, Aziz Ki, walishacheza pamoja chini ya Gamondi, wengine tangu enzi za Nabi. Kocha alibadilika lakini kundi la kukaba lilikuwa lilelile, na kila kocha aliyekuja alikuta watu wanaojua kupandishana wenyewe bila kuambiwa. Sisi tunabadilisha kocha na nusu ya kikosi kwa mpigo mmoja. Ukifanya vyote viwili hakuna anayebaki wa kumwambia mgeni, hapa kwetu mpira ukirudi nyuma tunaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wetu hawaligusi sana, nalo ni ligi yenyewe. Kukabia juu kunahitaji mpinzani anayetaka kutoka nyuma kwa pasi. Kwenye ligi yetu, ukiondoa timu chache, nani anatoka nyuma kwa pasi akikutana na Simba? Wanapaki basi, kipa anabutua, mpira unaenda mita sitini. Hakuna cha kukabia. Na kiwanja kikiwa na majani marefu au mabonde, saa kumi jioni, jua la mkoani linakuchoma utosini, hata wewe mwenyewe hutaki kukimbia mara mbili. Kwa hiyo tunacheza wiki tatu dhidi ya ukuta, halafu ghafla tunakutana na Waarabu wanaopiga pasi kumi kwenye boksi lao. Misuli ya jambo hilo hatuna, kwa sababu hatujaitumia tangu mechi ya mwisho ya Afrika.

Dawa ipo, na ni ya kocha, lakini inahitaji uongozi unaoielewa. Kwenye ligi, kukaba kwetu kuanzie kwenye mpira wa pili. Kipa wao anabutua, beki wetu anaruka, mpira unadondoka. Pale unapodondoka tuwe tayari watatu. Na tukipoteza mpira langoni mwao, sekunde tano za kwanza ni za kuutafuta palepale kabla hawajaupiga mbele. Huko ni kukabia juu kwa mazingira yetu, kunafanyika hata kwenye kiwanja kibovu, na miili inabaki na kumbukumbu kwa ajili ya Novemba, makundi yakianza. Tuna nafasi tano za kubadilisha wachezaji kila mechi. Zitumike kwa ajili ya mbio: mawinga na straika waingie wakijua wana dakika 60 za kutoa kila kitu na si 90 za kujibana. Ninachoomba kwenu ni kwamba msimu kocha anapofanya hivyo na tukatoka sare na timu ya mkoani, msimwite ofisini asubuhi yake.

Niseme sasa ninachotaka, waziwazi.

Andikeni mpira wa Simba. Karatasi moja, mbili zikizidi: tunakaba wapi, tunapanda lini, beki wa kati wa Simba anatakiwa awe na mbio kiasi gani, namba sita wetu, kiungo mkabaji, anafanya nini mpira ukipotea. Muwe na mtu wa ufundi anayeishika hiyo karatasi na ambaye haondoki kocha akiondoka. Kama mtu huyo yupo tayari, tumjue, na apewe sauti inayozidi ya wakala anayewaletea video za dakika tatu zenye muziki. Video zile zinaonyesha chenga. Hazionyeshi mchezaji anafanya nini sekunde baada ya kupokonywa mpira, na kwa mpira huu hiyo ndiyo sekunde ya kutazama kabla ya kusaini chochote.

Timu yetu ya vijana icheze hivyohivyo. Mtoto wa miaka 17 akipandishwa timu kubwa asikute lugha ngeni. Tuna eneo letu Bunju, Waafrika wangapi wangetamani kuwa nalo. Kocha wa vijana wa Simba asipimwe kwa vikombe vya vijana, apimwe kwa wangapi wamepanda na wakaingia kwenye mfumo bila kuushusha.

Dirisha la usajili lisiwe la watu kumi na wawili tena. Wanne, watano, kwa mahitaji yanayojulikana. Najua wanachama wenzangu wanapenda pikipiki, king'ora na utambulisho wa saa sita usiku. Mimi pia hukesha. Lakini uongozi uliochaguliwa kutufurahisha Agosti pekee unatuacha na miezi tisa ya kulaumiana.

Na kocha apewe muda unaohesabika, ulioandikwa, unaojulikana na sisi. Sisemi apewe maisha. Jürgen Klopp aliingia Liverpool Oktoba 2015, akapoteza fainali mbili msimu wake wa kwanza, na kombe lake la kwanza pale alilishika Juni 2019. Arsenal ya Mikel Arteta ilimaliza ya nane mara mbili mfululizo, na mnajua watu wa Arsenal walivyochekwa nchi hii, hadi kwenye misiba. Waliomwajiri walikuwa na kitu mkononi cha kumpimia zaidi ya jedwali la ligi, ndiyo maana waliweza kuvumilia. Ninyi mna nini mkononi? Mkiwa na dabi tu, basi mna mechi mbili au tatu kwa mwaka za kuamulia kazi ya mwaka mzima, na mechi zenyewe mara nyingi zinaamuliwa na bao moja. Oktoba 2024 tulipoteza kwa goli la kujifunga dakika za mwisho. Kuna nini cha kujifunza kuhusu mfumo kwenye goli la kujifunga?

Nikiwa naandika barua hii, kocha wetu ni Steve Barker. Naomba mpaka iwafikie awe bado yeye. Tulimtoa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho 2025 akiwa na Stellenbosch yake, na ninyi mkaona kitu mkamchukua, na mimi nilifurahi kwa sababu moja tu: aliipandisha ile timu Ligi Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2019, akaipa kombe la Carling Knockout mwaka 2023, na katikati ya miaka hiyo hakuna aliyemfukuza kwa kufungwa na jirani. Mmechukua mtu aliyelelewa na subira ya klabu ndogo mkamleta kwenye klabu kubwa isiyo na subira. Sasa ama mumbadilishe yeye awe kama sisi, ama klabu ijifunze kidogo kutoka alikotoka.

Kwa Wanasimba wenzangu mtakaosoma hii: winga akikimbia mita arobaini kurudi kumsaidia beki, pigeni makofi. Hatuwapigii, halafu tunashangaa hawarudi.

Viongozi, sihitaji majibu ya mtandaoni wala taarifa kwa umma yenye nembo. Mkutano Mkuu ujao nitakuwepo na kadi yangu hai. Nitapanga foleni ya kipaza sauti kama wengine, na nitauliza kama karatasi ile imeandikwa, nani ameishika, na mchezaji wa mwisho tuliyemsajili alichaguliwa kwa mstari upi ndani yake. Nikijibiwa hayo matatu nitakaa chini, hata kama siku hiyo tuko nafasi ya tatu.

Wenu,
Mwanachama, Mbagala